Kabla ya Kujaza Fomu ya Ualimu: Jinsi ya Kupima Sababu ya Kuchagua Kazi ya Kufundisha

Fomu ya kujiunga na mafunzo ya ualimu humtaka mwombaji aandike ngazi anayoiomba, masomo atakayofundisha na chuo anachokitaka. Haimuulizi kwa nini anataka kuwa mwalimu. Hata hivyo, majibu ya hayo matatu hutegemea hilo lisiloulizwa. Anayevutwa na watoto wadogo atapotea akiomba shahada ya kufundisha Historia kidato cha tano, na anayetafuta ajira ya haraka atajikuta kwenye foleni ndefu akichagua masomo ambayo walimu wake tayari wamejaa mtaani.

Mwongozo huu unamhusu mhitimu wa kidato cha nne au cha sita wa Tanzania Bara anayeufikiria ualimu, pamoja na mzazi au mlezi anayemshauri. Zanzibar ina wizara yake ya elimu na utaratibu wake wa kuajiri, ingawa sehemu ya kupima sababu inafaa kote.

Kwa nini sababu ipimwe mapema

Uamuzi mbaya wa kuingia ualimu hauonekani chuoni. Chuoni kuna marafiki na mihadhara, na majuma ya mazoezi ya kufundisha hupita mbio huku mwalimu mwenyeji yuko karibu. Huonekana mwaka wa pili au wa tatu kazini, katika shule ya kata ambayo basi hufika mara moja kwa siku, nyumba ya mwalimu haipo, mkondo mmoja una wanafunzi 80 na mwalimu wa Hisabati ni mmoja kwa shule nzima. Hapo ndipo sababu iliyomleta mtu humfanya aandae somo la kesho, au achukue notsi za mwaka juzi akaziandika ubaoni na kuondoka. Anayelipia tofauti hiyo ni mtoto, na hana pa kudai.

Jambo la pili ni kwamba ajira ya ualimu huja kwa vipindi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, na vijana wengi waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Sekondari za kata zilipoenea katikati ya miaka ya 2000, wahitimu wa kidato cha sita walipewa kozi fupi na kupelekwa madarasani. Mitaani wakaitwa Vodafasta. Pilikapilika hizo zilipotulia, vyuo vikuu vilikuwa vimejaa wanafunzi wa ualimu wa masomo ya sanaa, kwa kuwa waliofika kidato cha sita na Fizikia na Hisabati walikuwa wachache. Matokeo yake yanaonekana hadi leo: walimu wa Historia, Jiografia na Kiswahili wanasubiri nafasi nyumbani wakati shule zinahangaika kumpata mwalimu wa Fizikia. Mapema mwaka 2025, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilipofanya usaili wa nafasi 14,648 za ualimu, waombaji walizidi 200,000.

Ni kweli kwamba shule zina upungufu mkubwa wa walimu. Elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 iliongeza wanafunzi kwa kasi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imefupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita, na kwa mpango huo darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, hivyo kidato cha kwanza cha 2028 kitapokea makundi mawili kwa mara moja. Lakini uhaba wa walimu na nafasi za ajira ni vitu viwili tofauti. Uhaba huhesabiwa kwa wanafunzi. Nafasi hutolewa kwa kadiri ya fedha za mishahara zilizotengwa. Mwombaji anayesikia kwamba "walimu hawatoshi" akahitimisha kwamba ataajiriwa, ameruka hatua muhimu.

Sababu zinazotajwa sana, na uzito wa kila moja

*Uhakika wa ajira.* Aliyekwisha kuajiriwa serikalini na kuthibitishwa ana kazi isiyotetereka ovyo, pensheni na bima ya afya. Uhakika huo ni wa kweli, ila unaanza baada ya kuajiriwa. Kati ya kuhitimu na kuajiriwa inaweza kupita miaka, na wengi huijaza kwa kujitolea au kufundisha shule binafsi. Sababu hii ina uzito kwa mwenye masomo yanayotafutwa, na ni nyepesi kwa asiye nayo.

*Likizo ndefu.* Hii ni sababu dhaifu. Shule hufungwa Juni na Desemba, lakini madarasa ya mitihani mara nyingi hubaki kambini, na matokeo ya muhula, maazimio ya kazi na usajili wa watahiniwa huangukia siku hizo hizo. Likizo ya mwaka ya mtumishi wa umma ni siku 28, kwa mwalimu kama kwa karani.

*Alama zimemfikisha hapo.* Ualimu umekuwa kimbilio la aliyekosa alichokitaka, na jamii imeudharau kwa sababu hiyo. Siku hizi mlango umebanwa: kwa miaka kadhaa sasa Wizara ya Elimu imekuwa ikidai ufaulu wa daraja la I hadi la III kwa wanaojiunga na vyuo vya ualimu. Aliyeingia bila kuupenda anaweza kuupenda baadaye, na wapo walimu hodari waliopita njia hiyo. Hata hivyo asiifanye bahati hiyo kuwa mpango.

*Ngazi ya kupandia.* Julius Nyerere alifundisha Tabora na Pugu kabla ya siasa. Ali Hassan Mwinyi, John Magufuli na Kassim Majaliwa nao walianzia darasani. Mifano hii ni ya kweli, ila haitoi njia ya kufuatwa. Inachothibitisha ni kwamba mwalimu hujifunza kusema akaeleweka na kuongoza watu wengi kwa wakati mmoja, ujuzi unaotumika pengi. Anayetaka siasa na aingie siasa. Wanafunzi wake wa miaka mitano ya mwanzo wasiwe daraja lake.

*Kulipenda somo.* Ni sababu nzuri, na kwa sekondari haikwepeki, maana asiyeipenda Kemia hatawafanya wengine waipende. Lakini peke yake haitoshi. Wapo wanaolipenda somo na kuchoshwa na wasiolielewa. Hao hufaa zaidi maabara, ofisi ya takwimu au maktaba.

*Kuwapenda watoto.* Kwa elimu ya awali na madarasa ya kwanza, ambako kazi ni KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, upendo huu ni sharti. Unahitaji mwenziwe, subira ya kurudia silabi ile ile asubuhi nzima bila sauti kupanda.

*Kutaka kujua kwa nini mtoto amekosea.* Sababu hii hutajwa mara chache sana kwenye usaili, nayo ndiyo inayodumu kuliko zote. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza ameandika kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5. Mmoja huliona jibu baya, akaweka alama ya kosa na kufunua daftari linalofuata. Mwingine husimama hapo. Anaona kwamba mtoto amejumlisha za juu peke yake na za chini peke yake, kwa hiyo kwake sehemu ni namba mbili zilizopandana, wala si kiasi kimoja. Anaona pia kwamba jibu limetoka dogo kuliko nusu aliyoanza nayo, na mtoto hakushtuka. Kumbe kumrudishia kanuni ya kutafuta kigawe cha shirika hakutamsaidia bado. Kwanza akunje karatasi, aione nusu na theluthi kwa macho, akisie kama jumla itazidi nusu au itapungua. Kanuni itakuja baadaye na itakuwa na mahali pa kukaa.

Hali kama hiyo hujirudia kila Januari mtoto anapotoka darasa la saba, ambako amesoma kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza kinachofundishwa kwa Kiingereza. Usanisinuru aliujua: jani, jua, maji, hewa, chakula cha mmea. Ghafla hajui kitu, na wengi hunyamaza. Mwalimu mmoja huandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni mzito. Mwingine humwita baada ya kipindi, akamuuliza kwa lugha anayoiweza, na kukuta kwamba maarifa yote yapo, yamekosa majina tu. Anayefurahia kugundua jambo la namna hii atapata cha kugundua kila siku kwa miaka 30, awe Masaki au Mpwapwa, mshahara uwe umepanda au haujapanda. Asiyefurahia atachoka, hata akipangiwa shule nzuri iliyo karibu na nyumbani.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwombaji liwe hilo: je, kosa la mtu mwingine linamwudhi, au linamvuta alichunguze?

Hatua za kujipima

Hatua hizi zinaweza kumalizika katika kipindi cha kusubiri matokeo, ambacho wahitimu wengi hukipoteza bila kazi ya maana.

1. Kumfundisha mtoto mmoja anayeshindwa. Achaguliwe ndugu au jirani wa darasa la tano hadi kidato cha pili ambaye ameshindwa mada moja, kama sehemu, asilimia au njeo za Kiingereza. Afundishwe bure, kwa saa moja, mara tatu kwa wiki, kwa mwezi mmoja. Aliye hodari asichaguliwe, kwa sababu anajifunza mwenyewe na kumdanganya anayejipima. Kila baada ya kipindi iandikwe sentensi moja: leo alikosea wapi, na alikuwa akifikiri nini. Ikiwa baada ya wiki mbili sentensi hizo zinasema tu "hasikilizi" au "mvivu", hiyo ni dalili ya kuzingatia.

2. Kukaa nyuma ya darasa. Mwombaji amwendee mkuu wa shule, au mwalimu mkuu ikiwa ni shule ya msingi, amweleze nia yake na kuomba ruhusa ya kuhudhuria vipindi kwa wiki moja. Barua fupi ya mwombaji na utambulisho wa serikali ya mtaa au kijiji husaidia. Asitazame ubao. Awatazame wanafunzi wa safu ya nyuma: wanaelewa nini, wanafanya nini mwalimu akigeuka? Asiishie kwenye vipindi. Abaki na mwalimu wa zamu tangu asubuhi hadi wanafunzi wanapoondoka, kwa sababu usafi, chakula, wagonjwa, watoro na wazazi waliokuja kulalamika ni sehemu ya kazi hiyo hiyo.

3. Kuzungumza na walimu watatu. Mmoja awe na chini ya miaka mitatu kazini, mwingine zaidi ya 15, na wa tatu awe ameacha. Maswali ya jumla huleta majibu ya jumla, kwa hiyo wasiulizwe kama wanaipenda kazi. Waulizwe: Wiki iliyopita ulifundisha vipindi vingapi? Madaftari uliyasahihisha lini? Ni jambo gani lilikufanya ubaki, au uondoke? Daraja la mwisho ulipanda mwaka gani?

4. Kuhesabu saa. Vipindi 24 vya dakika 40 kwa wiki ni saa 16 tu za kusimama darasani, na hapo wengi hudhani kazi ni nyepesi. Tuchukue mikondo mitatu yenye wanafunzi 60 kila mmoja. Zoezi moja ni madaftari 180. Kwa dakika 2 kwa daftari ni saa 6. Yakiwa mazoezi mawili kwa wiki, ni saa 12 nje ya vipindi. Bado azimio la kazi, andalio la somo, shajara ya somo, zana na zamu. Anayejipima aombe daftari moja la Hisabati, alisahihishe kwa saa, kisha azidishe.

5. Kuhesabu mshahara unaofika mkononi. Kisanduku kilicho hapa chini kinaonyesha namna.

6. Kukaa mahali ambako angeweza kupangiwa. Kijana wa mjini aende kwa ndugu kijijini walau wiki mbili, apate maji na taa za huko, ajue duka na zahanati viko umbali gani. Kwa aliyekulia huko hatua hii haina haja.

Hatua ya 1 ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko nyingine zote. Aliyefaulu hiyo na kutishwa na ya 5 anaweza kutafuta njia. Aliyevutiwa na ya 5 na kuchoshwa na ya 1 afikirie kazi nyingine.

> KISANDUKU: Mshahara unavyopungua kabla ya kufika benki
>
> Walimu wa serikali hulipwa kwa ngazi za TGTS. Kwa utaratibu uliozoeleka, mwenye cheti huanzia TGTS B, mwenye stashahada TGTS C, na mwenye shahada TGTS D. Viwango hubadilika, hivyo kiulizwe cha mwaka husika. Hesabu ifuatayo imetumia mshahara wa mfano wa shilingi 800,000, kwa mwalimu mwenye deni la Bodi ya Mikopo.
>
> – Pensheni, PSSSF, asilimia 5: 40,000
> – Kodi ya mapato, ikihesabiwa kwenye 760,000 zilizobaki (hadi 270,000 hakuna kodi, 250,000 zinazofuata asilimia 8, 240,000 zilizobaki asilimia 20): 68,000
> – Bima ya afya, NHIF, asilimia 3: 24,000
> – Bodi ya Mikopo, HESLB, asilimia 15: 120,000
> – Chama cha Walimu, CWT, asilimia 2: 16,000
>
> Jumla ya makato: 268,000. Kinachofika mkononi: 532,000.
>
> Upande wa pili wa hesabu: mwajiri huweka asilimia 15 nyingine PSSSF na asilimia 3 NHIF, fedha ambazo mwalimu hazioni lakini ni zake. Mkopo wa HESLB ukimalizika, 120,000 hurudi mfukoni.
>
> Tahadhari: Utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abaki na walau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote. Walimu wengi wapya huchukua mkopo wa benki unaowafikisha kwenye mpaka huo mwaka wa kwanza, kisha hukopa kwa watu binafsi na kuwaachia kadi ya benki. Wanaofika hapo hufundisha kwa miaka bila kuuona mshahara wao.

Kuchagua ngazi, masomo na chuo

Sababu ikishapimwa, ngazi hujitokeza yenyewe. Aliyevutwa na watoto wadogo aombe elimu ya awali au msingi. Aliyevutwa na somo aombe sekondari. Aliyegundua katika hatua ya 1 kwamba ana subira isiyo ya kawaida kwa mtoto anayejifunza kwa shida afikirie elimu maalumu, ambayo Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha kinajulikana nayo. Elimu maalumu haipewi uzito unaostahili na waombaji. Watoto viziwi, wasioona na wenye ulemavu wa akili wapo katika kila halmashauri, na walimu waliosomea kuwafundisha ni wachache.

Njia ni mbili kuu. Ya kwanza ni vyuo vya ualimu, vya serikali kama Butimba, Korogwe, Marangu, Monduli, Mpwapwa, Kleruu, Tukuyu na Songea, pamoja na vya binafsi. Mafunzo ya stashahada kwa aliyemaliza kidato cha sita kwa kawaida huchukua miaka 2. Aliyetoka kidato cha nne huchukua muda mrefu zaidi kufika ngazi hiyo. Masharti yamebadilika mara kadhaa miaka ya karibuni, kwa hiyo tangazo la Wizara la mwaka husika lisomwe lote, hasa aya ya sifa, kabla ya kulipa chochote. Ya pili ni shahada ya chuo kikuu, miaka 3 au zaidi, katika taasisi kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vyake vishiriki vya DUCE na Mkwawa, Chuo Kikuu cha Dodoma, au Chuo Kikuu Huria kwa anayesoma huku anafanya kazi. Chuo cha ualimu kithibitishwe kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosajili vyuo hivyo; chuo kikuu kwenye mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu. Anayehitaji mkopo afuatilie tangazo la HESLB, ambalo tangu 2023/24 limejumuisha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, mafunzo ya ualimu yakiwemo.

Kwa masomo, kanuni ni fupi: kati ya masomo mawili anayoyaweza, moja liwe linalotafutwa. Fizikia na Hisabati zimekuwa na upungufu kwa muda mrefu. Mkondo wa amali ulioletwa na mtaala mpya tangu 2024 nao unahitaji walimu wenye ujuzi wa mikono. Aliyesoma EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) anaweza kuoanisha Jiografia na Hisabati badala ya Jiografia na Historia, na uchaguzi huo mmoja unaweza kumpunguzia miaka ya kusubiri. Lakini asichukue Hisabati aliyopata kwa kubahatisha. Wanafunzi hung'amua mapema sana kwamba mwalimu anaogopa swali.

Kiswahili kinastahili neno la pembeni. Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, Uganda imeamua kukifundisha shuleni, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) huweka kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili. Wengine huchagua ualimu wa Kiswahili kwa ndoto ya kufundisha nje. Nafasi hizo zipo, ni chache, na huwaendea wanaoweza kumfundisha Kiswahili mtu asiyekijua kabisa, ujuzi ambao ni tofauti na kufundisha ushairi kidato cha tatu. Anayezitaka atafute mafunzo hayo mahususi akiwa bado chuoni, na ajifunze lugha ya tatu.

Shule binafsi nazo ni waajiri wakubwa, hasa za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Kabla ya kusaini, mwalimu asome muda wa mkataba na malipo ya miezi ya likizo, kisha baada ya miezi miwili aulize kwenye ofisi ya NSSF kama michango yake inafika. Wengine hugundua miaka minne baadaye kwamba haikuwahi kupelekwa.

Mipaka ya kisheria ya kujua tangu mwanzo

Mwalimu hukabidhiwa watoto wa watu. Sheria inambana kwa hilo, na kutojua hakumsaidii.

– Mtu anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016. Mwalimu kijana wa miaka 24 anayefundisha kidato cha nne yuko karibu kiumri na wanafunzi wake, kwa hiyo ajiwekee kanuni mapema: hakuna simu za usiku, hakuna mwanafunzi kuingia nyumbani peke yake, hakuna zawadi za siri. Anayehisi kwamba kanuni hizo ni nzito mno asiingie kazi hii.

– Viboko vina kanuni za mwaka 2002: haviwezi kuzidi vinne, hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye, na huandikwa kwenye daftari maalumu. Mwalimu anayetembea na fimbo kutoka darasa hadi darasa anavunja kanuni, hata kama alivyofundishwa yeye ilikuwa hivyo. Mwalimu mpya ajifunze kutuliza darasa bila fimbo akiwa bado kwenye mazoezi, maana tabia ya mwaka wa kwanza huganda.

– Vyeti vya kughushi. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwaondoa kazini maelfu ya watumishi wa umma, walimu wakiwemo.

Makosa ya kawaida ya waombaji

Kosa kubwa ni kuchagua chuo kwa jina au kwa rafiki, kisha kutafuta sababu baadaye. Linafuatiwa na la kuoanisha masomo kwa ajili ya wepesi wa mitihani ya chuo. Wapo wanaoyachukulia mazoezi ya kufundisha kama likizo, wakakariri somo moja la kumwonyesha msimamizi siku ya kukaguliwa. Hao hukosa nafasi pekee ya kukosea wakiwa na mwalimu mzoefu pembeni. Wapo pia wanaoacha majina yatofautiane kwenye vyeti: Hamisi kwenye cheti cha kuzaliwa, Khamis kwenye cha kidato cha nne. Tofauti ya herufi moja imewaangusha wengi kwenye maombi ya ajira, na dawa yake, hati ya kisheria ya kuoanisha majina, ishughulikiwe mapema.

Wazazi nao wana kosa lao, la kumsukuma binti kwenye ualimu kwa kuwa "ni kazi nzuri kwa mwanamke". Mama mwalimu husahihisha madaftari yale yale 180 usiku, baada ya kazi za nyumbani. Asukumwe na anachokipenda.

Orodha ya kukagua kabla ya kutuma maombi

☐ Mtoto mmoja amefundishwa kwa mwezi, na makosa yake yameandikwa na kueleweka
☐ Wiki moja imetumika darasani, na siku moja nzima pamoja na mwalimu wa zamu
☐ Sababu ya kuchagua imeandikwa kwa sentensi moja, bila neno ajira wala likizo
☐ Ngazi inalingana na sentensi hiyo
☐ Walau somo moja kati ya mawili linatafutwa, na mwombaji analimudu
☐ Makato ya mshahara yamehesabiwa na familia imeyaona
☐ Chuo kipo kwenye orodha ya NACTVET au mwongozo wa TCU
☐ Majina yanafanana kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA na kitambulisho cha NIDA
☐ Upo mpango wa mwaka mmoja au miwili ya kusubiri ajira baada ya kuhitimu

Ikiwa sentensi ya sababu haiandikiki bila neno ajira au likizo, hatua ya 1 irudiwe na mtoto mwingine kabla ya kuendelea.

Baada ya kuhitimu

Nafasi za serikali hutangazwa kwenye mfumo wa Ajira Portal, na sasa hujazwa kwa usaili. Matangazo mengi huweka ukomo wa umri wa miaka 45. Akaunti ifunguliwe mara cheti kinapotoka, na ijazwe taarifa zote kabla tangazo halijatoka, kwa kuwa dirisha hubaki wazi kwa siku chache. Wakati wa kusubiri utumike kufundisha, hata kwa kujitolea, ila kujitolea kuwe na barua ya shule inayotaja masomo, vipindi na muda. Bila barua hiyo kazi haina ushahidi.

Aliyepangiwa kituo huripoti kwanza kwa mkurugenzi wa halmashauri akiwa na barua ya kupangiwa, vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, picha na namba ya akaunti ya benki. Nauli na posho ya kujikimu ni haki yake, lakini mara nyingi hulipwa baada ya kuripoti, na mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa hadi taarifa zake ziingizwe kwenye mfumo. Aende na fedha za kumtosha miezi miwili, alizoweka akiba au alizokopeshwa na ndugu, siyo benki.

Katika wiki ya kwanza amjue mwalimu wa taaluma, apate ratiba na azimio la kazi la mwaka uliopita, kisha awape wanafunzi wake jaribio fupi la mada za darasa la chini ili ajue waanzie wapi. Muda wa majaribio kazini ni miezi 12. Ukikamilika, Tume ya Utumishi wa Walimu katika ngazi ya wilaya ndiyo humthibitisha, kwa kuzingatia taarifa ya mkuu wake wa shule. Barua ya uthibitisho itunzwe pamoja na ya ajira, kwa sababu ruhusa ya masomo na kupanda daraja hutegemea uthibitisho huo.